Wino Mwekundu wa Jumatatu

Bondeni, Nakuru
17 Machi 1974

Shemeji,

Nakusalimu wewe na mama wa watoto wako huko Nairobi. Sisi huku tuko salama. Mama yenu nilimwona Rongai juzi. Goti bado linamsumbua lakini nilimkuta shambani ameinama, na nilipotaka kumpokea jembe alinifukuza. Mvua haijashuka. Vumbi limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo. Cheptoo amehamishwa dawati kwa sababu ya kuongea darasani, na mwalimu ameniandikia nisimpige kwa kuwa ni mtoto aliyefiwa na baba. Sikuwa na mpango wa kumpiga.

Barua yako ilifika Jumatano. Unataka nikutumie daftari la Kosgei, lile la gamba jeusi alilokuwa analibeba kazini, na unasema ni haki yako kwa sababu ni kitu cha mkono.

Nakumbuka vizuri siku ile baada ya mazishi, wazee walipokaa nje ya nyumba ya Mama. Walisema vitu vya mkono vya marehemu vinakwenda kwa ndugu yake, na vitu vya nyumba vinabaki na mjane. Ukapewa koti lake la mvua, fimbo na saa. Mimi nikabaki na kitanda, redio na masufuria. Hakuna aliyetaja daftari. Nadhani ni kwa sababu katika ukoo wenu hakuna mtu aliyewahi kufa akaacha daftari.

Liko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Sijalifungua. Nikilifungua najua nitaona mwandiko wake, zile herufi zinazolala nyuma kama watu wanaosukumwa na upepo, na bado sijaweza.

Kuna vitu vidogo vya kazi yake ambavyo bado vinajitokeza. Jana nilitaka kuwasha jiko nikashika moja ya zile kadi za kompyuta zenye matundu alizokuwa akileta nyumbani zikishaharibika. Nyuma yake nilikuwa nimeandika sukari, kiberiti, mafuta ya taa. Niliirudisha kabatini, nikawasha kwa gazeti. Nakumbuka pia Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani na kuniuliza maswali ya kipuuzi kuhusu jikoni kwangu, moja baada ya jingine, mpaka namfukuza na kisu cha viazi mkononi.

Nipe muda kidogo. Nisalimie watoto.

Ni mimi,
Jepkoech, Mama Cheptoo


Nairobi
29 Machi 1974

Mama Cheptoo,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, isipokuwa mtoto mdogo ana kikohozi. Mwambie Mama nitatuma dawa ya kuchua goti na mtu anayekuja Rongai wiki ijayo.

Sikutaka kukuharakisha, lakini kuna sababu. Nitakueleza kwa maneno mepesi. Kompyuta ya chama chenu cha nafaka hapo Nakuru inaongozwa na programu moja tunayoiita Msimamizi. Mashine ikiwashwa, yeye huamka kwanza. Yeye ndiye anayegawa nafasi na zamu: nani achape, nani asome kadi, nani angoje. Bila yeye mashine ni kabati tu. Lakini Msimamizi hazaliwi hivi hivi. Lazima atengenezwe upya kila mashine inapoongezewa kiungo, na kumtengeneza ni kujibu maswali mia mbili na kumi na manne. Kila jibu ni kadi. Ukikosea kadi ya themanini mashine hainung'uniki, inameza zote mpaka mwisho, halafu inakataa kila kitu na kukuachia namba ambayo hata vitabu havielezi vizuri.

Mwezi wa nane mashine yenu inaongezewa mitambo miwili ya utepe. Kazi ya Msimamizi mpya nimepewa mimi. Nikifanikiwa, mkubwa wangu ataniweka juu ya kituo chote cha Bonde la Ufa.

Nasikia kaka alikuwa amejiundia njia yake fupi: anauliza maswali machache, na kadi nyingine zinajazwa kutokana na majibu yake. Sitarajii makubwa. Alikuwa mwendeshaji wa mashine tu, hakusomea undani wake kama nilivyosomea mimi mwaka mzima Uingereza. Lakini ni vizuri nilitazame. Usiwape watu wa ofisini, watalipoteza.

Wako,
Kipkemboi


Bondeni
14 Aprili 1974

Shemeji,

Heri ya Pasaka. Dawa ya Mama ilifika, na anasema inachoma vizuri. Mvua imeanza, na upande wa Mau Narok wameshapanda ngano. Cheptoo ameng'oka jino la mbele akalitupa juu ya paa mwenyewe, maana mwaka jana alitupiwa na baba yake na mwaka huu hakutaka mtu mwingine amtupie.

Nimelifungua.

Nilidhani sitaelewa kitu. Lakini shemeji, nilielewa. Ameandika maswali thelathini na moja tu, si mia mbili. Swali la tisa linasema: Una mtambo wa utepe? Kama hapana, ruka uende la kumi na tano. Chini ya kila swali ameweka mstari: Ukiwa hujui, acha wazi, nitaweka lile ambalo wengi huweka. Mimi niliyeishia darasa la nane niliweza kulifuata kama ninavyofuata maelezo ya kupima unga. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa, nikifurahi kama mjinga.

Halafu nikaona wino mwekundu.

Kosgei hakuwa na kalamu nyekundu. Na huo si mwandiko wake. Herufi zimesimama wima, nzuri, mkia wa kila y umezungushwa kama utepe wa nywele. Ni mkono wa mwanamke. Maneno yako pembeni, karibu katika kila ukurasa, na kila neno lina tarehe. Nakunakilia machache:

"Usiniulize ukubwa wa kitu ambacho nimeshakuambia sina."

"Usiniache nifike mwisho ndipo uniambie nimekosea."

"Sema nami kwa maneno ninayoyajua."

Na hili, la mwezi wa kumi na moja: "Nikinyamaza, fanya kama tulivyozoea."

Nimelisoma hilo la mwisho mara nyingi. Nani huyu ananyamaza mbele ya mume wangu, na ni kitu gani walichozoea? Mtu wa ofisini haandiki hivi. Haya ni maneno ya mtu anayeweza kumgombeza mwanamume bila kuogopa ataondoka.

Kalenda ya mwaka jana bado iko ukutani, ile tuliyopewa na duka la mbegu, kwa sababu Kosgei aliandika juu yake. Nilizitafuta hizo tarehe. Tatu Septemba, kumi Septemba, kumi na tano Oktoba, kumi na tisa Novemba, kumi Desemba. Zote ni Jumatatu. Na Jumatatu ndiyo siku aliyokuwa anatoka mapema bila kunywa chai, anasema kuna jambo asije akalisahau njiani.

Wewe umefika ofisi ile mara nyingi. Huu ni mwandiko wa nani?

Jepkoech


Bondeni
12 Mei 1974

Shemeji,

Labda barua yangu ya Pasaka ilipotea. Mama hajambo, anauliza kwa nini huandiki. Mahindi yamefika magotini.

Nitakuambia ninachofanya, ingawa ninaona haya. Kila siku saa sita mchana nasimama kwa Dhirajlal, duka la vitambaa linalotazamana na ofisi ya chama, najifanya nachagua. Wanatoka wanawake wanne. Mmoja ni mzee. Mmoja ana mimba. Wawili wanacheka sana. Nawatazama mikono. Siku ya tatu Dhirajlal aliniambia, "Mama, hiki kitambaa umekipapasa tangu Jumatatu. Umekichumbia?" Wateja wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikanunua nusu yadi ambayo sina kazi nayo.

Nimenunua pia kalamu nyekundu. Nikaandika yale maneno mimi mwenyewe, na mikia ya y, nione mkono unasikiaje ukiandika hivyo. Yangu yalitoka kama ya mtoto.

Sijaenda kaburini tangu Pasaka. Mama ananiuliza, nami nasema ni matope.

Alikuwa anarudi nyumbani ananiambia, "Leo Msimamizi ameamka vizuri." Nami nafurahi naye, bila kujua Msimamizi ni nani. Kumbe kulikuwa na mwingine aliyejua. Hilo ndilo linalonikereketa, hata kuliko yale mengine. Kwamba kuna mwanamke alimwelewa akizungumza kazi yake, na mimi nikabaki wa viazi.

Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Jepkoech


Nairobi
3 Juni 1974

Mama Cheptoo,

Samahani kwa ukimya. Nilikuwa safarini Kisumu, halafu kazi zikanizidi. Mtoto amepona kikohozi. Msalimie Mama, mwambie nitakuja kabla ya mavuno.

Kuhusu uliyouliza. Watu wengi hupita katika ofisi ile na siwezi kujua mwandiko wa kila mtu. Mambo ya kazini ya mtu aliyetangulia ni afadhali tusiyafukue. Kaka alikuwa mwanamume kama wanaume wengine. Haina faida kwako kukaa na daftari linalokuumiza kila ukilitazama. Litoe nyumbani. Lifunge vizuri, lipeleke posta kwa njia ya rejista, nami nitalitunza, na maneno hayo hutayaona tena.

Wala usiende kuuliza ofisini. Mjini watu wanasema.

Wako,
Kipkemboi


Bondeni
23 Juni 1974

Shemeji,

Sote wazima. Mama mzima.

Nitalituma. Picha yake ya harusi nimeigeuza ikatazama ukuta, na Cheptoo anaigeuza tena kila akirudi shuleni, na hatusemezani juu yake.

Nilikuuliza swali, na nilikuwa nategemea neno moja tu kutoka kwako, neno la hapana. Barua yako nimeisoma yote na halimo.

Jepkoech


Bondeni
18 Agosti 1974

Shemeji,

Salamu. Mama amevuna maharage, ametugawia debe moja. Cheptoo amekuwa wa tano darasani, na jino limeota likiwa limepinda kidogo kama la baba yake.

Utakuwa unajiuliza kwa nini mzigo haujafika. Nitakueleza mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi iliyopita nililifunga daftari kwa karatasi ya kaki na kamba, nikaandika jina lako juu, nikashika njia ya posta. Mkobani nilikuwa pia na ufunguo wa kabati la Kosgei, maana ofisi ya chama ilikuwa imeniandikia niurudishe. Nikasema nitaupeleka kwanza, nitaacha mlangoni, nisimtazame mtu.

Mlangoni nilimkuta Waithaka, mkuu wa chumba cha mashine.

"Viatu, mama," akasema.

"Naleta ufunguo tu."

"Hata ufunguo una miguu. Vua. Vumbi la Nakuru likiingia humu, mashine inapiga chafya wiki nzima."

Nikavua. Nikaingia pekupeku, na baridi ya ile sakafu ikanipanda mpaka magotini. Ndipo nikaona pembeni ya chumba vitu viwili virefu kama kabati, vimefunikwa shuka nyeupe kama maiti.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mitambo mipya ya utepe," Waithaka akasema. "Imefika, imelala. Msimamizi mpya amekataa kuzaliwa. Mtaalamu alitoka Nairobi na kadi zake mia mbili na zaidi, akajaribu siku tatu, mara tatu, na mara tatu zikatemwa mwishoni. Akaondoka hakuaga. Angekuwepo marehemu Kosgei..." Akanikumbuka, akainama kupanga viatu vyangu mlangoni.

Shemeji, mtaalamu huyo ni wewe. Ulikuwa Nakuru siku tatu. Kutoka ofisi ile mpaka mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nilikuwa natafuta pa kuweka ufunguo nikamwona mwanamke mmoja kati ya wale wawili wanaocheka. Alikuwa amekaa mbele ya mashine ya kutobolea kadi, na sikioni ameweka kalamu. Nyekundu.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilikata kamba ya mzigo kwa meno, nikafungua ukurasa wa wino mwekundu, nikauweka mbele yake juu ya kadi.

"Huu ni mkono wako?"

Akatazama. "Ni mimi," akasema. Hakushtuka hata kidogo. Akafunika mdomo kwa ushungi, macho yakamjaa maji. "Umelipata wapi? Tumelitafuta kila mahali. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa Kosgei."

Ungemwona. Alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. "Wallahi! Mama Jumapili! Waithaka, njoo umwone, ndiye huyu! Huyu wa gesi!"

"Gesi gani?"

"Gesi ya jikoni! Hukumwambia huna jiko la gesi, na yeye akaendelea kukuuliza mtungi wako ni wa ukubwa gani? Ukamwambia usiniulize ukubwa wa kitu ambacho nimeshakuambia sina. Alikuja hapa Jumatatu asubuhi hajavua hata koti, mikono imejaa kadi, anasema, 'Nasim, andika, andika kabla sijasahau!' Nami ndiye niliyekuwa na kalamu karibu."

Nikakiinua kile kiti kilichoanguka, nikakikalia.

Akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila alipogusa mimi nikasikia jikoni kwangu. Usiniache nifike mwisho ndipo uniambie nimekosea. Hiyo ni ile siku alinipa orodha ndefu nijaze, nikajaza yote, kisha akaniambia nimekosea pale juu. Nilimtupia ganda la kiazi. Sema nami kwa maneno ninayoyajua. Aliniuliza habari ya kitu kwa jina la Kizungu na mimi nikamuuliza kama ni kitu cha kula. Na lile lililonitesa miezi minne, nikinyamaza, fanya kama tulivyozoea: aliniuliza aweke majani ya chai kiasi gani, aweke maziwa kiasi gani, aweke sukari kiasi gani, mpaka nikachoka. Nikamwambia ni chai, tumeoana miaka tisa, nikinyamaza fanya kama tulivyozoea.

"Baada ya hapo," Nasim akasema, "akaongeza ule mstari chini ya kila swali, ukiwa hujui acha wazi. Alikuwa anatuambia yeye hatengenezei wataalamu. Swali lisilopita kwako halipiti."

"Hakuniambia," nikasema. "Hata mara moja hakuniambia ni ya kazini."

"Alisema akikuambia utaanza kujibu kwa adabu."

Waithaka akacheka peke yake kule mlangoni.

Nimekuandikia maneno yao yote ili uyasikie kama nilivyoyasikia. Miezi minne nimekaa nauliza ni mwanamke gani anaruhusiwa kumgombeza mume wangu hivyo. Nimemwonea wivu mwanamke huyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nikimlaza Cheptoo nilikuwa namwona, nimemchora uso, nimemvalisha nguo. Na sauti ilikuwa yangu.

Nasim nilimwomba msamaha. Aliniuliza wa nini, nikasema wa kamba ile niliyoitemea juu ya kadi zake.

Jumapili hii nimekwenda kaburini na Cheptoo. Matope yalikuwapo kweli.

Sitalituma daftari. Wewe uliniandikia hujui mwandiko wa kila mtu. Sijui kama ulijua huu. Sitaki kukisia. Nimechoka kukisia.

Jepkoech


Nairobi
6 Oktoba 1974

Mama Cheptoo,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu kwa Mama na kwa Cheptoo. Sisi tuko wazima na sina habari nyingine ya nyumbani ya kujifichia.

Nilijua. Desemba nilipopita Nakuru nilimwona Nasim akiandika, kaka akimsomea kutoka kichwani. Nilimuuliza kaka ni maneno ya nani akaniambia ni yako. Nikamcheka. Nikasema, "Umeishiwa mpaka unafundishwa kompyuta na mpishi?" Naye akasema, "Jaribu na wewe. Chukua kadi zako mia mbili umpelekee mtu anayemenya viazi." Sikulala vizuri wiki ile.

Toka utotoni ilikuwa hivyo. Baba alipoleta kinu cha kusagia, mimi nilisoma maandishi yote ya kwenye sanduku kwa sauti, kila mtu akasikia. Kosgei hakusoma. Alimkalisha Mama mbele ya kinu, akatazama mkono wake unashindwa wapi, halafu akahamisha mpini. Jioni Mama alisimulia kijiji kizima habari ya mpini. Hakuna aliyesimulia nilivyosoma. Nilipelekwa shule, nikapelekwa Uingereza, nikapata tai na meza, na bado nikirudi Rongai watu wanauliza Kosgei yuko wapi, kuna kitu kimeharibika.

Kwa hiyo ulipouliza ni mwandiko wa nani, nikaona njia. Ukimchukia, utalitoa daftari. Sikusema uongo hata sentensi moja, nilihakikisha hilo. Niliacha tu pengo, wewe ukalijaza. Hiyo ndiyo mashine ninayoijua mimi: inayomwacha mtu aende mpaka mwisho na kosa lake bila kumwambia.

Kuna kingine. Siku ya kugawa, nilipovaa koti lake, ndani ya mfuko wa kushoto mlikuwa na kadi. Nimeishika miezi minane. Nimeifunga humu. Imeandikwa kwa penseli, na nadhani ni ya ile wiki aliyolazwa. Ni ya mkono, kwa desturi ilikuwa yangu. Lakini utaona alitaka kumuuliza nani.

Kipkemboi

(Kadi ndani ya barua:)
Swali la 31, la mwisho. UMEMALIZA? NDIYO / HAPANA.
Halijakaa sawa. Jumapili muulize Mama Cheptoo.


Bondeni
20 Oktoba 1974

Shemeji Kipkemboi,

Salamu kutoka kwetu. Mama hajambo, goti limetulia. Mahindi ya Rongai yamekauka vizuri na wiki hii tunavunja. Cheptoo amejifunza kupiga mluzi kupitia lile jino, na nyumba haina amani.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikakumbuka kwamba mimi pia nilisimama kwa Dhirajlal napapasa kitambaa huku namchukia mtu ambaye hakunikosea. Sikuambii ni sawa. Ulichonifanyia ni kibaya, na miezi ile minne niliyoacha kumtembelea mume wangu hunilipi. Lakini ninajua jinsi kitu hicho kinavyokula mtu ndani, na siwezi kujifanya sijui.

Nimeamua hivi. Daftari ni kitu cha nyumba. Nilimuuliza Mama, nikamsomea yale ya wino mwekundu, akacheka mpaka akashika goti. Akasema wazee wasisumbuliwe, maneno yaliyosemwa jikoni ni ya jikoni. Kwa hiyo linabaki hapa. Lakini mitambo ile miwili bado imefunikwa shuka kama maiti, na Kosgei asingepata usingizi ikiwa hivyo. Waithaka nimemwambia angoje wiki mbili.

Njoo Jumapili ya tarehe tatu. Njoo na daftari lako tupu. Utakaa kwenye kiti cha dirishani, utayanakili maswali yake kwa mkono wako mwenyewe, na kila swali utaniuliza kwa sauti mimi nikimenya. Mengine alishaniuliza, lakini nataka kuyasikia tena. Nisipoelewa nitakuambia, na sitakujibu kwa adabu. Jumatatu utampelekea Nasim. Kwenye kadi ya kwanza uandike kwamba njia hii ni ya Kosgei, na jina lako liwe chini yake.

Koti lete, kama si zito kwako. Si kulirudisha. Kuna kifungo kinalegea upande wa kushoto, nilikiona siku ile ya kugawa ulipolivaa, na sikuwa na sindano.

Sasa lile swali lake la mwisho. Kadi nimeiweka kwenye kabati pamoja na ile ya sukari na kiberiti. Nililisoma nikimenya, kama alivyotaka, na amesema kweli, halijakaa sawa. Mtu akiulizwa kama amemaliza anaogopa. Atasema ndiyo na hajamaliza, au atasema hapana na hajui kilichobaki ni nini. Mwambie Nasim aandike jibu langu kwa wino mwekundu, na tarehe iwe Jumatatu:

"Usiniulize kama nimemaliza. Niulize kama kuna mahali nataka kurudi nikatazame tena."

Shemeji yako,
Jepkoech